Udaga wa Rangi Moja

Felisian alikuwa mahabusu, kesho yake asubuhi angepandishwa kizimbani, na mkuu wa kituo alikwisha kusema kwamba jalada analitaka mezani kabla ya chai. Kosa: wizi akiwa mtumishi. Kitu kilichoibwa: ukungu.

"Ukungu? Huu wa kwenye mkate?" mkuu wa kituo alikuwa ameuliza, na askari wote wa kaunta wakaangua kicheko. Inspekta Boke Machage, mwanamke pekee pale, hakucheka. Alikuwa na kawaida ya kutocheka mpaka ajue kinachochekwa, na kwa sababu hiyo wenzake pale Musoma mjini walimwita mkavu. Hakuwa mkavu. Hakupenda tu kupelekwapelekwa.

Sasa alikuwa Bweri, ndani ya maabara ya mradi wa muhogo, nyumba ya vyumba vinne iliyopakana na bustani ya mchicha. Koplo Gody, mtu mzima mwenye kitambi aliyekuwa akisubiri kustaafu, alisimama mlangoni na mikono nyuma, akiogopa kugusa kitu kikamletea upele. Mkuu wa maabara, Dkt. Hilda, aliwavutia viti.

"Nianzie wapi, afande?"

"Anzia pale ambapo mimi sijui kitu."

Hilda alitabasamu kidogo. "Basi nianze mwanzo. Muhogo wa huku unaoza mizizi. Juu unaona shina zima, ukichimbua unakuta uji. Anayeuozesha ni kuvu, yaani ukungu, anayekaa udongoni. Dawa za dukani ni ghali na hazimfikii. Tukasema, udongoni humohumo lazima yuko kuvu mwingine anayemweza. Tukazunguka vijijini kuchota udongo, tukawatoa kuvu waliomo, tukawapambanisha na huyu mbaya, mmoja mmoja."

"Mnawapambanishaje?"

"Kwenye kisahani chenye chakula chao. Mbaya namweka upande huu, mgeni upande ule. Nafunika, nasubiri."

"Mafahali wawili zizi moja," alisema Gody kutoka mlangoni.

"Ndiyo hivyo, koplo. Wengi walishindwa. Wengine walifika katikati wakatazamana tu, kila mtu na mpaka wake. Namba Kumi na Saba alivuka." Hilda alionyesha picha iliyobandikwa ukutani: kisahani cha duara, chote kijani kutoka ukingo hadi ukingo. "Hapo ndani walikuwa wawili. Mwingine yuko chini, ameliwa. Kumi na Saba havumilii jirani. Mweke na kuvu yeyote, mwisho unabaki na rangi moja."

"Naye adui yake nani?"

"Jua. Mwanike kwenye jua kali, umemmaliza."

Boke aliandika neno *jua*, akapiga mstari chini yake.

Kilichotokea baadaye alikuwa akikijua kwa sehemu. Makao makuu ya mradi, Dar es Salaam, yaliagiza chupa zote za Namba Kumi na Saba zipelekwe huko, na majaribio ya mashambani yasimame mpaka vibali vitoke. Felisian, fundi wa maabara, alizifunga chupa kwenye boksi la barafu. Boksi lililala stoo ili alfajiri Fredy, dereva, alipeleke uwanja wa ndege Mwanza. Dar walipofungua, lebo zilikuwa zenyewe, mwandiko wa Felisian, lakini ndani ya chupa hamkuwa na Kumi na Saba. Ikasemwa kwamba Felisian alikwisha kujisifu kwenye grosari moja ya Kitaji kuwa mikononi mwake mna kitu cha kujengea nyumba. Polisi hawakuhitaji zaidi ya hapo.

"Hukubakiza hata chupa moja?" aliuliza Boke.

"Niliagizwa nisibakize."

"Ukatii."

"Nina bosi, afande. Kama wewe."

Lilikuwa jibu la haki, na Boke aliliacha lipite. "Kwa hiyo asipopatikana aliyeibwa?"

"Hakuna mwingine. Tulirudi kuchota udongo palepale, hatukumpata tena. Mvua za kupanda zinakaribia. Wakulima watapanda muhogo kwenye udongo wenye ugonjwa, na mwakani watachimbua uji."

"Nionyeshe kilichokuja kutoka Dar."

Hilda alitoa kwenye kabati chupa nyembamba ya kioo, imezibwa kwa pamba. Ndani mlikuwa na manyoya meusi, kijivu, na doa la rangi ya chungwa. "Wao wanasema ni uchafu wa kawaida. Mimi kinachonishinda ni harufu. Sijawahi kukutana nayo maabara yoyote."

Boke alichomoa pamba, akanusa, akairudisha. Akageukia mlangoni. "Koplo, njoo unuse."

Gody alisogea kwa shingo upande, akanusa kwa mbali, kisha akanusa kwa karibu, uso ukamchangamka. "He! Nani amevundika muhogo humu ndani?"

"Asante, koplo."

"Muhogo gani?" aliuliza Hilda. Kwao ni Bukoba, watu wa ndizi, na miaka yake Musoma alikuwa amekula samaki na wali.

"Udaga, daktari," alisema Boke. "Huku kwetu muhogo tunaumenya, tunaurundika, tunaufunika magunia mpaka uote ukungu. Ukishaota tunaukwangua, tunauponda, tunauanika. Huo ndio unga wa ugali. Aliyejaza chupa hizi alikwangua udaga."

"Basi ni mtu wa huku," alisema Gody. "Felisian ni wa huku."

"Nami ni wa huku, koplo. Nifunge pingu?" Boke alimgeukia Hilda. "Kama Felisian angetaka kubadilisha, hapa ndani angebadilisha na nini?"

Hilda alifungua friji. Chupa zilijipanga kwenye vishikio, nyingi kama mishumaa ya kanisani. Alinyanyua moja. "Kumi na Nane. Ni ndugu yake, kijani vilevile. Angebandika lebo tu. Dar wangehangaika mwezi mzima kabla ya..." Akaigeuza chupa mkononi.

"Kabla ya kugundua," alimalizia Boke. "Fundi mwenye friji nzima ya kuvu wanaofanana hawezi kwenda kukwangua udaga. Aliyefanya hivyo hakuthubutu kugusa friji, au hakujua achukue ipi. Alilikuta boksi limeshafungwa. Hayo ungeniambia juzi, Felisian angekuwa kwake."

"Juzi hukuniuliza hivyo. Uliniuliza nani alifunga boksi."

Hapo Boke aliona aibu, na aliona ni haki yake kuiona. Aliuliza funguo za stoo ziko kwa nani. Ziko mbili, alisema Hilda: mmoja wa Fredy, mwingine wa Marcelina, bibi shamba wa mradi, ambaye huweka humo mifuko yake ya udongo.

"Fredy anakaa wapi?"

"Familia yake iko Bunda. Leo ana mapumziko."

*

Bunda waliifikia jua likiwa limepanda. Fredy alikuwa uani akiosha pikipiki, kifua wazi. Alipoona gari la polisi alivaa shati kabla ya kusalimia, akakosea vifungo.

"Boksi ulilipakia mwenyewe?" aliuliza Boke.

"Nililipakia, ndiyo. Lakini stoo sikufungua mimi. Nilikuta limeshatolewa nje."

"Na nani?"

"Marcelina. Yeye anakujaga mapema kuchukua mifuko yake. Akaniambia, dereva, nimekurahisishia, pakia uende."

"Hili hukulisema kwenye maelezo yako."

"Afande, mliniuliza kama nilisimama njiani. Nikasema sikusimama."

Gody alikohoa. Lilikuwa jibu la pili la namna hiyo kwa siku moja, na Boke alianza kuamini kwamba maswali ya juzi yaliulizwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Mtu huyo alikuwa yeye.

Nyuma ya jiko kulikuwa na rundo limefunikwa magunia na kukandamizwa kwa mawe. Boke alimwomba mke wa Fredy, Sara, alifunue.

"Mnanunua?" aliuliza Sara. "Bado haijaiva vizuri, lakini kwa polisi tutaelewana."

Vipande vya muhogo vilikuwa vimeota kila rangi: nyeusi, kijivu, nyeupe, na hapa na pale chungwa. Boke alitoa ile chupa, akaishika kando ya rundo. Rangi zilezile, harufu ileile. Gody alishusha mkono kiunoni kwenye pingu.

"Huyu hapa, afande. Ufunguo anao, udaga anao, boksi alilibeba."

"Udaga anao nusu ya mkoa." Boke alichuchumaa, akapindua vipande mpaka vya chini kabisa. Fredy alikuwa ametoa jasho mpaka kwenye kola. "Hapa huenda ndipo palipotoka kilichoingizwa kwenye chupa, na huenda sipo. Mimi natafuta kilichotolewa. Kile ni kiumbe hai, koplo. Kinataka chakula na kinataka giza. Aliyekichukua hana maabara. Angekilisha nini?"

Gody alilitazama rundo. "Angekilisha muhogo."

"Na angekificha wapi ambapo hakuna mtu atakayeshangaa kuona ukungu?"

"Basi si ndiyo hapa!"

"Hapa kuna rangi nyingi, zimekaa pamoja kama majirani wema. Daktari ametuambia Kumi na Saba hana ujirani. Angeingia humu angewamaliza wote." Boke alisimama, akajipangusa mikono. "Funika, Sara. Samahani kwa usumbufu. Fredy, Marcelina kwao ni wapi?"

"Butiama, Mwitongo. Anaishi na mama yake. Siku hizi kila akitoka kazini anakimbiliaga huko, hata chai hatunywi naye."

*

Walirudi njia ya Musoma hadi Makutano, wakakata kulia. Kuanzia hapo Boke alitazama mashamba. Muhogo mwingi ulikuwa umepauka, majani ya chini yamedondoka, na sehemu nyingine watu walikuwa wameung'oa na kuurundika kando ya njia. Walipofika Mwitongo, Boke alimwambia Gody apunguze mwendo. Kulikuwa na shamba moja, dogo, lenye muhogo uliosimama kijani tupu katikati ya mashamba yaliyokufa. Nyumba iliyokuwa mbele ya shamba hilo ndiyo waliyoelekezwa.

Mama mmoja alitoka jikoni akijifuta mikono kwa khanga. Aliitwa Wankyo, na alikuwa mama yake Marcelina.

"Shikamoo, mama," alisema Boke.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Marcelina yuko kazini bado. Kuna usalama?"

"Tunazunguka kuhusu muhogo. Wako umepona, mama."

"Wangu hauoziagi. Wale wa mradi walikuja wakachota udongo hapa chini ya shina, wakasema nina bahati, ndani yake kuna dawa. Wakasema tutaletewa wote, mtaa mzima. Ndio hao mnafanya nao?"

"Kwa namna fulani. Una udaga?"

"Udaga iko, ila itakutia aibu." Wankyo aliongoza kwenda kwenye kibanda cha nyuma, akaondoa magunia. "Mimi navundikaga tangu nimeolewa, sijaonaga ya hivi."

Rundo zima lilikuwa kijani. Hakukuwa na doa jeusi, hakukuwa na chungwa. Kila kipande, juu hadi chini, kilikuwa kimevaa kijani kimoja kizito, kile cha picha ya ukutani kule Bweri. Gody alisahau woga wake wa upele, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ukwangue nini sasa hapa?" alisema Wankyo. "Nimeamua leo niianike tu hivyohivyo kwenye jiwe. Labda jua litaisafisha."

Boke alimtazama yule mama kwa muda. Mama huyo hakujua kitu. Mtu anayejua asingemfunulia polisi, wala asingetaja jua kwa sauti ya kawaida kama hiyo. Akachukua vipande kadhaa, akavitia kwenye bahasha ya kaki, akaandika, akasaini, Gody akasaini. Bahasha ikawekwa ndani ya gari, chini ya kiti, kwenye giza.

"Endelea na kazi yako, mama," alisema. "Sisi tunamsubiri Marcelina."

Gari likaenda kuegeshwa nyuma ya migomba. Wankyo akabeba udaga ungo kwa ungo, akautandaza kwenye jiwe kubwa lililoko mbele ya nyumba, ambako jua lilikuwa likipiga sawasawa. Boke aliketi jikoni, mlango umerudishwa, akimwangalia akipanga vipande kwa uangalifu ili visipandane. Kumtumia mama kumtega mwanawe si kazi ya kujivunia, na Boke hakujivunia. Lakini Felisian alikuwa ndani, na ungo wa udaga peke yake usingetosha kumtoa. Wakili yeyote angesema ukungu ni ukungu. Alihitaji mtu aseme.

Bodaboda ilisikika kabla ya kuonekana. Marcelina alikuwa amekaa nyuma, begi la kazi mapajani. Alikuwa msichana mrefu, mwenye buti za shamba. Pikipiki ilipoingia uani alitazama jiwe, na kabla haijasimama alikuwa ameshuka. Hakumlipa dereva. Hakumsalimia mama yake. Alifungua kitenge kiunoni, akapiga magoti, akaanza kuzoa udaga kwa mikono miwili.

"Mama! Nani amekwambia uianike?"

"Udaga haianikwagi?" Wankyo alishangaa. "Wewe una nini?"

"Ingiza ndani! Chukua ungo, mama, ingiza kivulini, jua linaiua!"

Boke alisukuma mlango. Katika mkoa wote wa Mara, mtu hukimbiza udaga kivulini kwa sababu moja, nayo ni mvua. Siku hiyo mbinguni hapakuwa na wingu hata la kuazima.

"Jua linaua nini, Marcelina?"

Msichana aliganda, kitenge kimejaa. Dereva wa bodaboda aliona sare ya Gody, akaamua nauli ataidai siku nyingine, akaondoka.

"Mimi ni Inspekta Boke wa Musoma. Weka chini. Kingine kiko garini, salama. Huna haja ya kuokoa hicho."

Marcelina aliweka chini polepole. Hakulia wala hakukana. "Daktari anajua?"

"Bado. Niambie wewe kwanza. Ulibadilisha saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla ya Fredy kufika. Nilikuja na udaga kidogo kwenye kopo, huu wa mama, wa kawaida. Sikujua niweke nini kingine. Nikahamisha, nikarudisha pamba."

"Kwa nini?"

"Udongo ulichotwa hapa." Alionyesha shamba kwa kidole chenye vumbi la kijani. "Nilichota mimi mwenyewe, chini ya muhogo ya mama. Niliwaambia watu wa hapa, mtaletewa. Kila nyumba niliingia nikasema. Halafu barua inakuja, funga vyote, leta Dar, simamisha. Afande, wewe ungepitaje tena kwenye hii njia?"

"Ningepita nikiwa na aibu. Wengi wanapita hivyo."

"Mimi nilishindwa. Nikasema niioteshe, mvua ikinyesha kila mtu nimpe akapande nayo."

"Felisian yuko mahabusu. Ulijua?"

Marcelina aliinamisha uso. "Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Nilijua hana kosa. Nikajua mtamwachia."

"Sisi hatumwachii mtu kwa sababu hana kosa," alisema Boke. "Tunamwachia tukimpata mwenye kosa. Ulifanya kazi naye chumba kimoja, na kesho asubuhi anasomewa mashtaka yako."

Hapo ndipo msichana alipolia, kimya kimya, mikono imening'inia kwa sababu ilikuwa michafu mno isifae kufutia macho. Boke alimsomea haki zake kama sheria inavyotaka, taratibu, neno kwa neno. Alimwambia pia kwamba habari ya udongo na barua ataisema kituoni, nayo itaandikwa yote, kwa kuwa hata hakimu anastahili kujua kitu kiliibwa kutoka kwa nani. Hilo halikuwa kwenye utaratibu, na Gody alijifanya hakulisikia.

Wankyo alikuwa amesimama na ungo wake. Mengi ya maneno yale alikuwa ameyafuata, mengine yalimpita, lakini pingu mkononi mwa Gody alizijua. Alimsogelea Boke, akamshika mkono kwa viganja viwili.

"Mama, nisikilize. Udaga chukua yote. Na iliyo kwenye kibanda chukua, na magunia yenyewe. Shamba kama mnataka kung'oa, ng'oeni. Mtoto niachie."

Boke hakuutoa mkono wake. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilionekana usoni mwake bila kificho.

"Kuna mama mwenzako amekaa kwenye geti la kituo tangu juzi," alisema. "Amekuja na chakula, hatujamruhusu kumwona mtoto. Kila nikipita ananiambia hayohayo unayoniambia."

Wankyo aliuachia mkono. Alitazama jiwe, akamtazama binti yake, kwa muda ambao Gody alishindwa pa kuweka macho. Kisha akauchovya mtungini upindo wa khanga yake, akampangusa Marcelina mikono, kidole kimoja kimoja, mpaka kijani chote kikatoka.

"Panda gari, mwanangu," alisema. "Yule naye anamngoja wake."